Ligi ya Afrika Mashariki: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Katika toleo lililopita tuliandika kwamba Kombe la Kagame, mashindano ya soka ya vilabu bingwa vya Afrika Mashariki na Kati, limegeuka bonanza la wiki mbili ambalo shabiki wa kawaida hapati habari zake hadi siku ya fainali. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi na kali. Wapo wanaotaka tuvuke hapo na kuanzisha ligi kamili ya ukanda, wapo wanaoiona ligi hiyo kuwa kaburi la ligi za nyumbani, na wapo wanaosema kuwa ni ndoto za mchana. Tumechagua barua zinazogusa kiini cha mjadala, tukazifupisha, na tunazijibu kwa kadiri ya tunavyoamini.

Kutoka Kisumu: *Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia, na nilikuwa mtu mzima tulipotwaa kombe la Afrika mwaka 1987. Leo wadhamini wanatukimbia, ilhali Simba na Yanga wanapanda kila mwaka. Je, ligi moja ya ukanda si ndiyo ingetuokoa, maana wadhamini na televisheni wangelazimika kututazama sote kwa pamoja?*

Mzee wetu, kombe unalolitaja ni fahari ya ukanda mzima. Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka sare ya 1-1, na mabao ya ugenini yakawapa Kombe la Washindi barani Afrika. Wala haikuwa bahati ya usiku mmoja. Kuanzia 1979 hadi 1985, miaka saba mfululizo, ubingwa wa vilabu vya ukanda huu haukutoka Kenya: AFC Leopards waliuchukua mara nne na Gor Mahia mara tatu. Tunalisema hili kwa sababu vijana wengi wanaotuandikia kutoka Dar es Salaam huzungumza kana kwamba Simba na Yanga walizaliwa wakiwa juu na watabaki juu milele. Nguvu ya soka katika ukanda huu imekuwa ikihama, na itahama tena.

Kilichoihamisha safari hii ni fedha pamoja na uhakika wa fedha hizo. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania lilitangaza mkataba wa haki za matangazo na Azam TV wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Mkataba mrefu namna hiyo humwezesha kiongozi wa klabu kupanga bajeti ya msimu ujao kabla msimu uliopo haujamalizika, jambo ambalo ni adimu sana katika soka letu. Kenya, kwa upande wake, iliondokewa na televisheni ya SuperSport mwaka 2017, ikaondokewa na kampuni ya kubashiri ya SportPesa mwaka 2019, kisha ikafungiwa na FIFA kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Hakuna klabu inayoweza kujijenga katika mazingira ambayo mdhamini hajui kama kesho ligi itakuwepo.

Sasa, je, mashindano ya pamoja yangeokoa jahazi? Mzee wetu, jambo hili limekwisha kujaribiwa mbele ya macho yetu. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na SportPesa Super Cup, iliyokutanisha vilabu vya Tanzania na Kenya, na bingwa wake alipata nafasi ya kucheza na Everton. Vilabu vya Kenya vilibeba kombe hilo mara zote tatu, Gor Mahia mara mbili na Kariobangi Sharks mara moja, na hao Sharks, Julai 2019, waliwashinda Everton kwa mikwaju ya penalti pale Kasarani baada ya sare ya 1-1. Wachezaji walikuwepo, mashabiki walikuwepo, na utani wa kuvuka mpaka ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Kampuni ilipoondoa fedha zake Kenya, mashindano yakafa. Yalikuwa mali ya mdhamini, kwa hiyo yaliondoka naye.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba mashindano ya ukanda yanaweza kumsaidia Gor Mahia, lakini kwa masharti mawili: yawe mali ya mashirikisho na vilabu vyenyewe, na mkataba wa matangazo wa miaka kadhaa uwe umetiwa saini kabla ya mechi ya kwanza kuchezwa. Bila hayo, tutapata misimu miwili ya shangwe na mwaka wa tatu tutarudi kuandikiana barua kama hizi.

Kutoka Bukoba: *Ndugu Mwandishi, watu wa mijini wanasema ligi ya ukanda haiwezekani kwa sababu ya umbali na nauli. Mimi ni mfanyabiashara, natoka hapa asubuhi na mchana niko Kampala. Huo umbali wanaousema ni upi?*

Ndugu yetu wa Bukoba, umetukumbusha jambo ambalo wapangaji wengi wa soka hulisahau kwa kuwa wamekaa katika miji mikuu. Timu inayotoka Kaitaba, uwanja wa hapo Bukoba, kwenda kucheza Dar es Salaam inakata takribani kilomita 1,400 za barabara, ilhali kutoka Bukoba hadi Kampala kupitia Mutukula ni takribani kilomita 300. Arusha iko karibu zaidi na Nairobi kuliko Dar es Salaam, na timu ya Tanga inafika Mombasa kwa safari fupi kuliko ile ya kwenda Mbeya. Mipaka yetu haikuchorwa kwa kufuata viwanja vya mpira, na ligi za kitaifa tunazozizoea tayari ni ligi za safari ndefu.

Hata hivyo, tusiipuuze hoja ya gharama. Msafara wa ugenini una wachezaji takribani ishirini, na ukiongeza benchi la ufundi, daktari, mtunza vifaa na viongozi unafikia watu thelathini. Wote wanahitaji hati za kusafiria zilizo hai, vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, malazi ya usiku mbili au tatu, uwanja wa mazoezi na usafiri wa ndani. Katika ligi ya nyumbani klabu ndogo hupanda basi usiku, ikacheza, ikarudi. Kuvuka mpaka kunahitaji ofisi inayofanya kazi wiki nzima, na vilabu vingi vyetu havina hata katibu anayelipwa mshahara kwa wakati.

Njia inayofaa ni kugawa makundi kwa kufuata jiografia. Marekani, ambako ligi kuu inajumuisha pia vilabu vya Kanada, timu zimegawanywa katika kanda za mashariki na magharibi kwa sababu hiyo hiyo ya safari. Sisi tungeweza kuwa na kundi la ukanda wa Ziwa, likiwa na vilabu vya Kampala, Kisumu, Kigali, Bujumbura na Mwanza, na kundi la ukanda wa Pwani, likiwa na vilabu vya Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga, Mombasa na Nairobi. Zinazobaki nje ya mpango huo ni nchi kama Ethiopia, Somalia na Sudan, na hizo hazifikiki bila ndege.

Kutoka Dar es Salaam: *Mwandishi, mimi ni Mwananchi, na nasema wazi. Yanga tulifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, na hata watani zetu wakafika 2025. Kwa nini turudi nyuma kucheza na timu zisizojaza hata jukwaa moja? Afadhali ile African Football League iliyozinduliwa hapa kwetu.*

Ndugu Mwananchi, tunakushukuru kwa kusema kile ambacho viongozi wengi wa vilabu vikubwa hukisema faraghani. Tuanze na hiyo African Football League, kwa sababu kumbukumbu zake bado ni mbichi na zinafundisha zaidi kuliko hotuba yoyote.

Agosti 2022, katika mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) uliofanyika Arusha, ilitangazwa kwamba ligi hiyo ingekuwa na vilabu 24 na zawadi za jumla ya dola milioni 100. Ilipoanza Oktoba 2023, vilabu vilikuwa vinane tu. Mechi ya ufunguzi ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa tarehe 20 Oktoba, na kila aliyekuwepo anakumbuka jinsi ilivyopanda na kushuka: Al Ahly walitangulia mwishoni mwa kipindi cha kwanza, Kibu Denis akasawazisha mapema kipindi cha pili, Sadio Kanouté akaongeza la pili, na kabla uwanja haujamaliza kushangilia Kahraba akafanya mambo kuwa 2-2. Marudiano ya Cairo yakaisha kwa sare ya 1-1, na Simba wakatolewa kwa mabao ya ugenini bila kupoteza mechi hata moja. Mamelodi Sundowns wakawa mabingwa kwa kuwashinda Wydad kwa jumla ya mabao 3-2. Msimu uliofuata ligi hiyo haikuchezwa.

Sasa jiulize swali moja, ndugu Mwananchi: Yanga walikuwa wapi? Walikuwa wametoka kucheza fainali ya Shirikisho dhidi ya USM Alger, wakafungwa 2-1 nyumbani, wakashinda 1-0 Algiers, na kukosa kombe kwa mabao ya ugenini tu. Miezi michache baadaye wakabaki nyumbani wakiwatazama wengine, kwa kuwa mashindano yale yalikuwa ya kualikwa. Ligi unayoitamani ndiyo iliyokuacha mlangoni. Msimamo wetu katika jambo hili hautabadilika: mashindano yoyote ya ukanda ambayo nafasi zake hazipatikani kwa matokeo ya uwanjani, bali kwa ukubwa wa jina au wingi wa wafuasi, hayafai kuungwa mkono na shabiki, hata kama leo jina lililoalikwa ni la klabu yake.

Kuhusu timu zisizojaza jukwaa, angalia meza ya mabingwa wa nyumbani. Tangu Azam walipotwaa ubingwa wa Bara msimu wa 2013/14, hadi msimu wa 2024/25 kombe halikutoka mikononi mwa Simba na Yanga. Ni sifa kwao, lakini pia ni upungufu, kwa maana mechi ngumu za kweli katika msimu zimekuwa chache, na timu inayofika hatua ya mtoano ya CAF bila kuwa imebanwa vya kutosha hulipia upungufu huo ugenini. Wala usidhani kwamba ukanda huu ni mchekea. Kombe la Kagame la 2024, lililochezwa hapo hapo Dar es Salaam, lilichukuliwa na Red Arrows ya Zambia waliokuja kama wageni waalikwa, na la 2025 likachukuliwa na Singida Black Stars. Vigogo hawajazoea kulipa kombe hilo uzito, na hilo ni kosa la mashindano pamoja na kosa lao.

Kutoka Kampala: *Vilabu vikikubaliana vyenyewe kuunda ligi, nani atavizuia? Na bingwa wake ataingia Ligi ya Mabingwa Afrika?*

Vitazuiwa na kanuni. Klabu ni mwanachama wa shirikisho la nchi yake, na haiwezi kucheza ligi ya kuvuka mpaka bila ridhaa ya shirikisho hilo, ya CAF na ya FIFA. Ruhusa hutolewa kwa nadra na kwa sababu maalumu: Wellington Phoenix ya New Zealand inacheza ligi ya Australia, na vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vilivilazimisha Al Hilal na Al Merrikh kuomba hifadhi katika ligi ya Mauritania msimu wa 2024/25, kisha Rwanda.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. CAF hutoa nafasi za mashindano yake kupitia mashirikisho ya nchi. Tanzania imepata nafasi nne kwa sababu ya pointi zilizokusanywa na vilabu vyake kwa miaka mitano, ilhali Kenya na Uganda zina mbili kila moja. Ligi ya ukanda isiyo na nafasi ya CAF haitamshawishi mwenyekiti yeyote wa klabu kuipa kipaumbele. Nchi za Skandinavia zilijaribu: Denmark, Norway na Sweden zilianzisha Royal League mwaka 2004, zikiwa na viwanja bora, barabara bora na vilabu vyenye fedha, lakini mashindano hayo hayakuwa na njia ya kuelekea Ulaya, yalichezwa wakati wa baridi, na mwaka 2007 yakakosa mkataba wa televisheni yakafa. Kwa sababu hiyo hatuamini kabisa katika ligi inayochukua nafasi ya ligi za nyumbani. Ligi za nchi zibaki kuwa shina, na mashindano ya ukanda yaote juu yake.

Kutoka Unguja: *Assalaam alaykum. Nashangaa mnazungumzia ligi ya pamoja kama jambo jipya. Sisi Wazanzibari tulicheza Ligi ya Muungano na Bara kwa miaka mingi, na Malindi wakawa mabingwa. Mbona hamtuulizi ilikuwaje?*

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Lawama yako ni ya haki na tunaipokea. Ligi ya Muungano, iliyoanza 1982, ndiyo mfano wa karibu zaidi tulionao wa mashirikisho mawili yenye ligi zao kukubaliana kutafuta bingwa mmoja. Kila upande ulicheza ligi yake, kisha timu za juu zikakutana, na aliyeshinda ndiye aliyebeba bendera ya Tanzania barani Afrika. KMKM walikuwa mabingwa 1984, Malindi 1989 na tena 1992. Kwa shabiki wa leo anayedhani kwamba timu za visiwani haziwezi kusimama mbele ya vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, orodha hiyo inatosha kumnyamazisha.

Tukiitazama kwa makini, Ligi ya Muungano ilidumu kwa sababu ilikuwa na tuzo iliyo wazi, yaani tiketi ya Afrika. Zanzibar ilipopewa nafasi zake yenyewe katika mashindano ya vilabu ya CAF kuanzia 2004, kila upande ukawa na mlango wake, na sababu ya kukutana ikatoweka. Hatusemi kwamba Zanzibar ilikosea. Nafasi ile ilikuwa haki yake, na kila mpenda soka wa visiwani aliifurahia. Tunachosema ni kwamba shabiki wa viwanja vya Mao Zedong, Unguja, na Gombani, Pemba, amepoteza jambo ambalo nafasi ya CAF haikulirudisha: mechi za ushindani za mara kwa mara dhidi ya timu kubwa, katika uwanja wake, mbele ya watoto wake. Kombe la Muungano lilirejeshwa 2024 huko Zanzibar, Simba wakalitwaa, nalo ni jambo jema, lakini mashindano ya siku chache hayawezi kufanya kazi ya ligi.

Wanaopanga mashindano ya ukanda wangefaa kuwaita viongozi wa zamani wa Ligi ya Muungano, wangali hai, wawaeleze ratiba ilivyopangwa, mapato ya milangoni yalivyogawanywa, na ni nani aliyesikilizwa pale pande mbili zilipogombana kuhusu mwamuzi. Ujuzi huo hauko katika ripoti ya mshauri yeyote kutoka nje.

Kutoka Morogoro: *Mimi ni kocha wa timu ya wasichana. Kwa nini msianze na wanawake?*

Kocha, tunakubaliana nawe bila kusita. Tangu 2021 ukanda wa CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, huwa na mashindano ya kufuzu Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, na mshindi mmoja hupata tiketi: Vihiga Queens wa Kenya walikuwa wa kwanza, Simba Queens wakafuata 2022 na wakamaliza nafasi ya nne Afrika. Tiketi ipo, idadi ya timu inabebeka, na ratiba za ndani hazijasongamana. Kinachokosekana ni kuyageuza mashindano hayo ya mji mmoja yawe mechi za nyumbani na ugenini. Ubelgiji na Uholanzi zilikuwa na ligi ya pamoja ya wanawake kati ya 2012 na 2015, na ingawa haikudumu, ilithibitisha kwamba mashirikisho mawili yanaweza kuendesha ratiba moja.

Kutoka Arusha: *Mmekosoa kila pendekezo. Ninyi mnataka nini hasa?*

Ni swali la haki, na tutalijibu kwa hesabu, kwa kuwa mjadala huu umejaa maneno na una hesabu chache mno. Chukua Simba wa msimu wa 2024/25. Ligi Kuu ya Bara ina timu 16, hivyo mechi 30. Safari yao ya Kombe la Shirikisho hadi fainali dhidi ya RS Berkane ilikuwa na mechi mbili za mchujo, sita za makundi na sita za mtoano, jumla 14. Hapo ni mechi 44 kabla hujaweka kombe la ndani na mapumziko ya timu za taifa. Ukiwaongezea ligi ya ukanda yenye timu 12 ya nyumbani na ugenini, unawaongezea mechi 22, na sasa wako 66. Hakuna kikosi cha Afrika Mashariki kinachoweza kubeba mzigo huo, na tayari tunajua viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, vinavyoharibu ligi zetu. Mechi ya watani wa jadi iliyokuwa ichezwe tarehe 8 Machi 2025 ilichezwa tarehe 25 Juni. Kama mechi moja ya vilabu vya mtaa mmoja inaweza kukawia zaidi ya miezi mitatu, ligi ya nchi tano itahitaji bodi yenye meno kuliko yoyote tuliyowahi kuwa nayo.

Kwa hiyo tunataka hivi. Kombe la Kagame lisichezwe tena katika mji mmoja. Mashindano ya 2018, 2021, 2024 na 2025 yote yalifanyika Dar es Salaam, ya 2019 yakafanyika Rwanda, na miaka ya katikati hayakufanyika kabisa. Shabiki wa Nakuru, wa Jinja au wa Gitega hana sababu ya kuyapenda mashindano asiyoyaona. Timu 16 zigawanywe katika makundi manne yanayofuata jiografia, zicheze nyumbani na ugenini katikati ya wiki kuanzia Novemba hadi Februari. Huo ndio wakati ambao vilabu vingi vya ukanda vimekwisha kutolewa katika raundi za awali za CAF na havina mashindano mengine ya kimataifa. Vilabu vilivyoingia makundi ya CAF visisumbuliwe. Viingie moja kwa moja robo fainali, pamoja na vinara wa makundi, na nafasi zikibaki zijazwe na washindi wa pili. Kwa mpango huo Simba au Yanga wangeongezewa mechi tano tu kama fainali ni moja, ilhali Gor Mahia, Vipers ya Uganda au APR ya Rwanda wangepata hadi kumi na moja, na hao ndio wanaozihitaji.

Na fedha je? Kwa miaka mingi bingwa wa Kagame amekuwa akipewa dola 30,000, kiasi ambacho hakitoshi hata kulipia usajili wa mshambuliaji mmoja wa maana. Hatuombi zawadi kubwa ya bingwa. Tunaomba kila dola ya kwanza inayopatikana ilipie misafara ya ugenini, ili klabu isiyo na tajiri iweze kufika uwanjani, kulala pazuri na kucheza kwa heshima. Bingwa anaweza kusubiri. Timu iliyokwama mpakani haiwezi.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa pamoja Agosti 2025, na zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika 2027. Viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa fedha za umma. Baada ya mashindano hayo vitahitaji mechi za kuvijaza, na mechi hizo hazitatoka kwingine ila kwetu wenyewe.

Kutoka Dodoma: *Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kukiwa na mashindano ya ukanda, mchezaji wa Burundi anayecheza Tanzania ataendelea kuhesabiwa kuwa mgeni?*

Kijana wetu, katika ligi ya nchi ndiyo, na tunadhani iendelee hivyo. Kila shirikisho lina wajibu wa kulinda nafasi za vijana wake, na Tanzania imekuwa ikiruhusu klabu kusajili wageni 12, idadi ambayo tayari inalalamikiwa na wengi. Lakini ndani ya mashindano ya ukanda yenyewe, mchezaji wa nchi yoyote mwanachama wa CECAFA ahesabiwe mwenyeji. Faida yake imeonekana tangu zamani. Amissi Tambwe wa Burundi alifahamika akiwa na Vital'O walioshinda Kagame 2013, akasajiliwa Simba na kuwa mfungaji bora wa ligi msimu huo huo. Meddie Kagere alikuwa Gor Mahia walipowafunga Simba 2-0 katika fainali ya SportPesa Super Cup ya 2018 mjini Nakuru, na muda mfupi baadaye akavaa jezi ya hao aliowafunga, akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu misimu miwili mfululizo.

Hatari iliyopo ni kwamba vilabu vyenye fedha vitaligeuza kombe hilo kuwa soko la kuokota kila kinda anayeng'ara, na vilabu vilivyomlea vitabaki mikono mitupu. FIFA ina kanuni za fidia ya malezi na mgawo wa mshikamano kwa vilabu vilivyomkuza mchezaji, lakini klabu ndogo mara nyingi haijui kudai, au haina kumbukumbu za usajili za kuthibitisha kwamba kijana alipita kwake. Kanuni za mashindano ziagize kwamba klabu inayomsajili mchezaji kutoka klabu nyingine shiriki ionyeshe stakabadhi ya malipo hayo kabla ya leseni yake kutolewa, na kila shirikisho liweke daftari la wachezaji kuanzia umri wa miaka 12, kwa kuwa fidia huhesabiwa kuanzia hapo.